Kununua bima ya afya Marekani ukiwa tayari na ugonjwa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu inaanza kulia. Anayepiga ana kisukari, au presha, au mtoto mwenye pumu. Bima alijiandikisha Desemba, kadi imefika kwa posta, na sasa amesimama kaunta ya duka la dawa anaambiwa alipe bei nzima. Swali ni lile lile: "Si walisema hawaruhusiwi kukataa ugonjwa wangu?"

Ni kweli hawaruhusiwi. Tangu 1 Januari 2014, bima inayouzwa kwa masharti ya Affordable Care Act, ambayo mitaani inaitwa Obamacare, haiwezi kukukataa, kukutoza zaidi wala kukuwekea muda wa kusubiri eti kwa sababu ulikuja na ugonjwa. Ila ulinzi huo unakaa kwenye aina fulani ya bima tu. Na hata ukiipata aina hiyo, bado unaweza kuchagua mpango utakaokukamua mwaka mzima. Wanaonipigia Februari huwa wametumbukia shimo moja kati ya hayo mawili.

Mwongozo huu ni wa anayejinunulia bima mwenyewe: dereva wa kujiajiri, msusi, mlezi wa wazee, mtu aliyepoteza kazi juzi. Namba nilizotumia ni za bima ya mwaka 2026.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usifungue tovuti kabla ya kukusanya hivi. Wengi hukwama katikati, wanabahatisha jibu, na jibu la kubahatisha ndilo linalowagharimu.

- Makadirio ya kipato cha kaya nzima kwa mwaka ambao bima itatumika. Kipato cha mwaka uliopita ni cha kukusaidia kukisia tu.
- Namba za Social Security, au hati za uhamiaji za kila atakayewekwa kwenye bima.
- Chupa za dawa zenyewe. Unahitaji jina, nguvu ya kidonge na idadi kwa mwezi kama vilivyoandikwa kwenye lebo. Kichwani watu hukosea.
- Majina kamili ya madaktari wako, pamoja na anwani ya tawi unalokwenda.
- Kama wewe au mwenzi wako mmepewa bima kazini, karatasi inayoonyesha mfanyakazi angelipa kiasi gani.
- Kumbukumbu ya mwaka uliopita: mara ngapi ulimwona daktari, vipimo vingapi, ulilazwa au la.
- Kikokotoo, kalamu, na saa mbili ambazo hakuna atakayekusumbua.

## Maneno manne ya kuyajua kwa sura

Kwenye skrini yatakuja kwa Kiingereza. *Premium* ni ada ya mwezi, unalipa uugue usiugue. *Deductible* ni kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kuchangia. Hapa nitakiita kizingiti. *Copay* ni kiasi maalumu unachotoa kila ukienda kwa daktari au kuchukua dawa. *Out-of-pocket maximum* ni kikomo cha mwaka: ukishafika hapo kwa matibabu yaliyo ndani ya bima na kwa madaktari wa mtandao wake (wale wenye mkataba na kampuni hiyo), yanayobaki kampuni inalipa yote. Kwa mwaka 2026 sheria hairuhusu kikomo hicho kuzidi dola 10,600 kwa mtu mmoja au 21,200 kwa familia.

## Hatua ya 1: Hakikisha dirisha liko wazi

Bima hii hainunuliwi siku yoyote unayotaka. Sababu yake inaeleweka: kama kila mtu angeruhusiwa kununua siku anayougua, mzima gani angelipa?

Dirisha la mwaka hufunguka 1 Novemba. Siku ya kufunga inatofautiana kwa jimbo na kwa mwaka, kwa hiyo mimi huwaambia watu washike tarehe moja kichwani: 15 Desemba. Ukimaliza kabla ya siku hiyo, bima inaanza 1 Januari.

Nje ya hapo, mabadiliko fulani ya maisha hukufungulia dirisha lako binafsi la siku 60: kupoteza bima ya kazini, kuoa au kuolewa, kupata mtoto, kuhamia Marekani kutoka nchi nyingine. Ukihama kutoka jimbo hadi jimbo nalo linahesabika, lakini utatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na bima kabla ya kuhama.

Tahadhari kwa aliyeachishwa kazi: siku zinaanza kuhesabika bima inapokatika, na haziongezwi kwa sababu mwajiri alichelewa kukutumia barua. Kama uko katikati ya matibabu makubwa na kizingiti cha mwaka umeshakimaliza, uliza pia kuhusu COBRA, njia ya kubaki kwenye bima ile ile ya kazini, kwa kawaida hadi miezi 18. Utalipa ada yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 ya usimamizi, na ni pesa nyingi, ila kwa miezi miwili mitatu ya mwisho wa mwaka mara nyingine hesabu inakubali.

Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haina dirisha. Unaomba mwezi wowote.

## Hatua ya 2: Ingia kwa mlango wa serikali

Hapa ndipo panapoumiza zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Shemeji yangu ana kisukari. Mwaka mmoja alitafuta bima nafuu kwenye simu, akajaza jina na namba kwenye fomu ya kwanza iliyojitokeza, na kabla hata hajaiweka simu chini zikaanza kumiminika. Wa tatu kupiga alikuwa na sauti ya upole. Alimuuliza umri, uzito, halafu: "Kuna ugonjwa wowote uliotibiwa miaka mitano iliyopita?" Shemeji ni mtu mkweli, akasema kisukari. Jamaa akamwambia asijali, akamkatia bima ya bei ya kutupa. Karatasi zilipofika, ukurasa wa ndani kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kulikuwa na mstari mmoja: magonjwa yaliyokuwepo kabla ya bima hayalipiwi. Alikuwa ameshalipa miezi minne.

Mstari huo wenyewe hauvunji sheria. Alichouziwa ni bima ya muda mfupi, na hiyo Affordable Care Act haiigusi. Jihadhari na hizi tatu:

Bima ya muda mfupi. Inaruhusiwa kuuliza afya yako, kukukataa, na kutolipia ugonjwa ulionao.

Vikundi vya kuchangiana matibabu, vingi vikiwa vya kidini. Vina kadi, vina ada ya mwezi, vina lugha inayofanana na ya bima, lakini si bima. Hakuna sheria inayowalazimisha kukulipia.

Mipango ya kiasi maalumu. Inakupa dola kadhaa kwa kila siku uliyolazwa, hata kama bili ya siku hiyo ni mara kumi ya kiasi hicho.

Kipimo changu ni kimoja na hakijawahi kuniangusha: *mtu akikuuliza unaumwa nini ili akupe bei, kata simu*. Kwenye bima ya kweli bei hupangwa kwa umri, mahali unapoishi, idadi ya watu kwenye mpango na kama unavuta sigara. Basi. Fomu ya serikali itakuuliza kama una ulemavu au una mimba, na watu hushtuka wakiona swali hilo. Jibu kweli bila hofu. Linatumika kuangalia kama unastahili Medicaid, halipandishi bei.

Mlango wenyewe ni HealthCare.gov, soko la bima la serikali kuu. Majimbo mengine yana soko lao, kwa mfano Covered California kule California au MNsure kule Minnesota, lakini ukianzia HealthCare.gov na kuchagua jimbo lako utaelekezwa. Tazama mwisho wa anwani: iwe .gov, au iwe ile uliyoelekezwa na hiyo .gov. Matangazo yanayotangulia kwenye matokeo ya utafutaji yana majina yanayofanana mno.

Kiingereza kikikupa shida, piga 1-800-318-2596 na useme neno "Swahili". Mkalimani ni bure. Wapo pia wasaidizi wa jamii waliosomea kazi hii, nao hawatozi kitu. Tovuti ile ile ina ukurasa wa kuwatafuta kwa msimbo wa posta.

*Umefanikiwa ikiwa* akaunti imefunguka, na tangu uanze hakuna aliyekuuliza sukari yako inasoma ngapi.

## Hatua ya 3: Kadiria kipato kama mtu atakayeulizwa

Unafuu wote unatokana na namba hii moja. Inapimwa dhidi ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Kwa bima ya 2026 mstari huo ni dola 15,650 kwa mtu mmoja na 32,150 kwa watu wanne. Kwa mtu mmoja, ngazi zinakaa hivi:

- Chini ya takriban 21,600 (asilimia 138): katika majimbo yaliyopanua Medicaid (yaani yaliyoifungulia watu wazima wa kipato hicho, hata wasio na watoto), hiyo ndiyo bima yako, na kwa mgonjwa ni nafuu kuliko kitu chochote utakachokiona kwenye soko.
- Hadi 39,125 (asilimia 250): una ruzuku ya ada, yaani serikali inakulipia sehemu ya ada ya mwezi, na zaidi ya hapo una punguzo la kizingiti na kikomo. Punguzo hili la pili lipo kwenye mipango inayoitwa Silver *peke yake*. Liwekee alama, tutalirudia.
- Hadi 62,600 (asilimia 400): ruzuku ya ada tu.
- Juu ya hapo: hakuna ruzuku. Nyongeza iliyowekwa mwaka 2021 iliisha mwishoni mwa 2025, na ukingo huu umerudi.

Kwa aliyejiajiri, kipato ni kinachobaki baada ya gharama za kazi: mafuta, matengenezo ya gari, vifaa. Nimeona madereva wakiandika kila kilichoingia benki, wakajinyima ruzuku waliyostahili.

Nimeona na kinyume chake. Texas, Florida na Tennessee ni kati ya majimbo ambayo hayajapanua Medicaid. Huko, mtu mzima asiye na mtoto akiandika kipato chini ya asilimia 100 ya mstari, hapati Medicaid na hapati ruzuku. Anadondoka katikati. Kwa hiyo hesabu kila kazi ndogo uliyolipwa mkononi. Ni kipato, unatakiwa kukitangaza, na huenda ndicho kitakachokuvusha.

Tahadhari mbili za mwaka huu.

Ya kwanza ni kodi. Ruzuku inatolewa kwa makadirio, halafu inapimwa upya unapojaza kodi. Zamani wenye kipato cha chini na cha kati waliwekewa ukomo wa kiasi cha kurudisha. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 ukomo huo umeondolewa: ukipewa zaidi ya unachostahili, unarudisha yote. Na ukivuka asilimia 400 hata kwa dola moja, unarudisha ruzuku ya mwaka mzima. Ukiona Oktoba kwamba unakaribia ukingo, michango kwenye IRA ya kawaida, yaani akaunti ya akiba ya kustaafu, hushusha kipato kinachohesabiwa. Ongea na mtu wa kodi kabla ya kuchukua zile zamu za Krismasi.

Ya pili ni hadhi ya uhamiaji. Aliyepo nchini kihalali anaruhusiwa kununua kwenye soko. Lakini sheria iliyopitishwa Julai 2025 imebana ruzuku: kuanzia 1 Januari 2027 wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata green card hawatakuwa nayo. Na tangu 1 Januari 2026, mwenye kipato chini ya mstari wa umaskini aliyezuiwa Medicaid kwa sababu ya hadhi yake, ikiwemo green card isiyotimiza miaka mitano, hapati tena ruzuku aliyokuwa akipewa. Kama wewe ni mkimbizi uliyetimiza mwaka mmoja nchini, ombi la green card sasa lina uhusiano wa moja kwa moja na dawa zako. Usilikalie.

Kama kazini wanakupa bima, ruzuku ya soko inafungwa iwapo sehemu yako ya ada, kwa bima yako peke yako, haizidi asilimia 9.96 ya kipato cha kaya na bima yenyewe inatimiza kiwango cha chini cha sheria. Mke au mume na watoto hupimwa kivyao kwa gharama ya bima ya familia, kwa hiyo inawezekana wewe ukabaki kazini na wao wakapata ruzuku. Wengi hawajui.

*Umefanikiwa ikiwa* una barua ya matokeo inayotaja kiasi cha ruzuku kwa mwezi, au inayosema umepelekwa Medicaid. Isome yote. Ikiomba hati za ziada, ina tarehe ya mwisho ndani yake.

## Hatua ya 4: Chuja kwa dawa na madaktari kabla ya bei

Tovuti itakupangia mipango kuanzia ada ndogo kwenda kubwa. Usiuamini mpangilio huo. Tafuta sehemu ya kuingiza dawa na madaktari, uingize kila kimoja kutoka kwenye lebo zako.

Kisha fungua orodha ya dawa ya kampuni yenyewe, maana ya tovuti ya soko huweza kuwa imepitwa. Angalia vitu viwili. Daraja: dawa ya daraja la kwanza hugharimu kidogo, ya daraja la juu huhesabiwa kwa asilimia ya bei, na asilimia 40 ya dawa ghali ni pesa. Herufi za pembeni: PA maana yake daktari lazima aombe idhini kwanza, ST, ujaribu dawa nafuu zaidi kabla hujapewa hiyo, QL, kuna kikomo cha idadi kwa mwezi.

Linganisha nguvu na aina, usiishie kwenye jina. Metformin ya kawaida na metformin ya kuachia dawa polepole zinaweza kukaa madaraja tofauti kwenye orodha moja.

Kuhusu madaktari, mimi mwenyewe niliungua. Nilimkuta daktari wangu kwenye orodha ya kampuni, nikafurahi, nikajiandikisha. Kumbe anafanya kazi kliniki mbili, na iliyokuwa kwenye mtandao ni ile ya upande wa pili wa mji, siku moja kwa wiki. Bili tatu zilikuja kabla sijaelewa. Tangu hapo napiga simu kliniki na kuuliza hivi hivi: "Daktari huyu, kwenye tawi hili, mnapokea mpango huu?" na nasoma jina lote la mpango, pamoja na herufi za mwisho. Kuuliza "mnapokea kampuni fulani?" hakusaidii, kwa kuwa kampuni moja huwa na mitandao kadhaa.

Ukiona HMO au EPO, nje ya mtandao hakuna malipo isipokuwa dharura. PPO ina nafasi zaidi, kwa bei. Kwa dharura, tangu 2022 sheria inazuia hospitali iliyo nje ya mtandao kukutumia bili ya kushtukiza, ila gari la wagonjwa la barabarani halikuingizwa kwenye sheria hiyo.

*Umefanikiwa ikiwa* umebaki na mipango mitatu au minne ambayo dawa zako zote zimo na daktari wako amethibitishwa kwa simu.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka mzima

Mipango imepewa majina ya madini. Bronze kwa wastani hubeba asilimia 60 ya gharama za matibabu, Silver 70, Gold 80, Platinum 90. Lile punguzo la Hatua ya 3 huinua Silver hadi 94 kwa wenye kipato cha asilimia 100 hadi 150 ya mstari, hadi 87 kwa 150 hadi 200, na hadi 73 kwa 200 hadi 250. Silver ya 94 ni bora kuliko Platinum, kwa ada ya Silver. Anayeiacha akachukua Bronze ili aokoe ada anaacha pesa mezani, na huyo ndiye mpigaji simu wangu wa Februari mara nyingi kuliko wote.

Tuchukue mtu mmoja mwenye kipato cha dola 26,000, ana kisukari na presha. Bei hizi nimezipanga ili hesabu ionekane. Zako weka kutoka kwenye skrini. Mahitaji yake kwa mwaka, kwa bei nzima: daktari mara nne, 720, vipimo vya damu mara nne, 480, daktari wa macho mara moja, 300, dawa, 300 kila mwezi, yaani 3,600. Jumla 5,100.

Bronze. Ada 20 kwa mwezi, kwa mwaka 240. Kizingiti 7,500. Matibabu yake ya 5,100 hayafiki hata kizingiti, kwa hiyo anajilipia yote. Mwaka unamgharimu *5,340*.

Silver yenye punguzo. Ada 107, kwa mwaka 1,284. Daktari ni 20 kila mara: 80. Dawa ni 25 kwa mwezi: 300. Vipimo na macho ni 780. Kizingiti ni 600, na kwenye 180 zilizobaki anatoa asilimia 20, yaani 36. Jumla ya mwaka *2,300*.

Tofauti ni dola 3,040, na mpango uliopoteza ndio ule uliotangulia kwenye skrini kwa unafuu.

Sasa fanya hesabu ya pili, ya mwaka mbaya, kwa kujumlisha ada ya mwaka na kikomo. Bronze yenye kikomo cha 10,600 inafika 10,840. Silver hiyo ikiwa na kikomo cha 3,000 inaishia 4,284. Jiulize ni ipi kati ya hizo mbili unaweza kuilipa kwa awamu bila kuhama nyumba.

Kama kipato chako kiko juu ya asilimia 200, usiishie Silver bila kutazama Gold. Katika baadhi ya maeneo, Texas ikiwemo, Gold huuzwa kwa ada ndogo kuliko Silver. Ni ajabu, inatokana na namna kampuni zinavyopakia gharama kwenye Silver, lakini ni faida yako.

Kila mpango una hati fupi ya muhtasari ambayo sheria inataka iwe na mifano ile ile kwa kampuni zote. Mmoja ni wa Joe, mtu wa kubuni mwenye kisukari cha aina ya 2, na mwishoni kuna jumla ambayo Joe angelipa mwenyewe kwa mwaka. Kama ugonjwa wako ni huo, fungua hati za mipango yako mitatu na utazame mstari wa Joe tu. Ni njia ya mkato nzuri kuliko matangazo yote.

## Hatua ya 6: Lipa ada ya kwanza

Kubofya kitufe cha kujiandikisha hakuanzishi bima. Inaanza ada ya kwanza ikiingia, kwa kampuni yenyewe. Watu huona barua ya hongera, wanakaa, na Januari wanagundua hawana kitu.

Ukiwa na ruzuku na umeshalipa angalau mwezi mmoja, kuchelewa baadaye kuna muda wa uvumilivu wa miezi mitatu. Usiuzoee. Kuanzia mwezi wa pili kampuni inaruhusiwa kusimamisha malipo ya madai yako, na usipolipa deni lote bima inakatwa kwa kurudi nyuma, kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza. Bili za miezi miwili iliyofuata zinakurudia.

*Umefanikiwa ikiwa* una risiti, namba ya mwanachama, na kliniki yako imeiona bima hai kwenye mfumo wao.

## Hatua ya 7: Vuka Januari bila kukosa dawa

Idhini ulizopewa na kampuni ya zamani hazihami nawe. Kwa hiyo, Desemba, jaza dawa zote kwa bima ya zamani kadiri inavyoruhusu, ili uingie mwaka mpya na akiba ya wiki kadhaa. Wiki ya kwanza ya Januari peleka kadi mpya kwa daktari na mwambie dawa ipi ina alama ya PA. Ofisi ya daktari ndiyo inayotuma ombi. Kazi yako ni kuwapigia baada ya siku tatu kuuliza kama wametuma.

Dawa ikiwa haimo kabisa kwenye orodha, daktari anaweza kuomba ruhusa maalumu. Kampuni ina saa 72 kujibu, au 24 kama hali ni ya haraka. Daktari aandike sababu: dawa zipi mbadala zilijaribiwa, zilifanya nini mwilini. "Mgonjwa anaipendelea" haimsogezi mtu.

## Hatua ya 8: Ukikataliwa, kata rufani kwa maandishi

Barua ya kukataliwa lazima itaje sababu. Isome mara mbili kabla ya kukasirika, maana nyingi ni makosa ya msimbo wa bili yanayorekebishwa kwa simu moja kliniki.

Kama si hivyo, una siku 180 kukata rufani ndani ya kampuni. Ambatisha barua ya daktari, matokeo ya vipimo na ukurasa wa mkataba unaokutetea. Kwa matibabu ambayo hujayapata bado wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwa uliyokwisha kuyapata, siku 60. Kwa ya haraka, saa 72.

Wakikataa tena kwa sababu ya kitabibu, unayo haki ya kupeleka shauri kwa mchunguzi wa nje asiyeajiriwa na kampuni. Una miezi minne tangu barua ya mwisho. Uamuzi wake ukikupendelea, kampuni inabanwa kuufuata.

Andika kila simu: tarehe, saa, jina la aliyepokea, namba ya kumbukumbu. Daftari la shule linatosha. Mara mbili nimeona rufani ikishinda kwa sababu tu mgonjwa aliweza kusema, "Tarehe 9, saa nne asubuhi, mliniambia hivi."

## Kama dirisha limekupita

Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu vinawahudumia wasio na bima kwa ada inayoshuka kulingana na kipato, na havikatai mgonjwa kwa kukosa pesa. Vingi vina duka la dawa lenye punguzo. Kuvitafuta, nenda findahealthcenter.hrsa.gov. Beba uthibitisho wa kipato.

Uliyefanikiwa kununua, mwanzoni mwa mwaka utakaofuata utatumiwa fomu 1095-A. Iweke pamoja na karatasi za kodi. Bila hiyo huwezi kujaza fomu 8962, ile ya kodi inayopima ruzuku upya, na bila fomu 8962 ruzuku ya mwaka unaofuata inaweza kusimamishwa. Na Novemba usikubali bima ijiongeze yenyewe: orodha za dawa hubadilika kila mwaka, kwa hiyo toa zile chupa tena na uanzie Hatua ya 3.